Mifuko Miwili ya Mtoto: Namna Walimu wa Wittenberg Walivyofundisha Kujifunza

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita tulisahihisha mtihani wa Historia ya Kanisa wa mwanachuo mmoja ambaye hatutamtaja jina. Daftari lake tulilifahamu vema. Lilikuwa safi, mistari yake imenyooka, na kila neno tulilotamka darasani lilikuwamo, hata mizaha yetu. Katika mtihani alishindwa. Tulimwita ofisini tukamwuliza jinsi alivyojiandaa. Akajibu kwa heshima, “Mchungaji, nimesoma daftari lote mara nne.” Tukamwuliza tena, akisha kusoma hufanya nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Nasoma tena.”

Tulikuwa tayari kumwonya kuhusu uvivu, lakini jibu lake lilituhukumu sisi. Kwa miaka mitatu kijana huyu alikuwa ameketi mbele yetu, na hakuna mkufunzi hata mmoja aliyemwonyesha jambo jingine la kufanya na maandishi isipokuwa kuyasoma tena. Tulikuwa tumempa mambo ya kujifunza, ila kujifunza kwenyewe hatukumfundisha.

Katika makala haya twakusudia kurudi kwenye historia yetu wenyewe, yaani miaka ya mwanzo ya Matengenezo ya Kanisa huko Wittenberg, na kuuliza: wale walimu walimfundishaje mwanafunzi kujifunza? Tutaona kwamba kwao mbinu za kujifunza hazikuwa somo la pembeni, wala shauri jema la kumpa mwanafunzi aliyekwisha kushindwa. Zilikuwa kazi iliyofanyika darasani, mwalimu akiwapo, na mwalimu ndiye aliyedaiwa hesabu yake.

1. Asubuhi moja huko Mansfeld

Martin Luther alizaliwa Eisleben mwaka 1483, na shule yake ya kwanza ilikuwa katika mji wa Mansfeld. Akiwa mtu mzima aliwasimulia wenzake mezani kwamba asubuhi moja katika shule hiyo alichapwa mara 15. Hakuwa ametukana mtu wala kuiba. Alitakiwa kunyambua majina na vitenzi vya Kilatini, naye hakuwa amefundishwa jambo hilo.

Yafaa tusiipite habari hii haraka. Alichokumbuka mzee huyu baada ya miaka mingi si maumivu tu, bali udhalimu wa kudaiwa deni ambalo hakukopeshwa. Mwaka 1524, alipowaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule za Kikristo, alizifananisha shule za zamani na jehanamu na toharani, mahali ambapo watoto waliteswa kwa sarufi na mwishowe wasijue kitu.

Sisi leo pengine hatuna fimbo mkononi. Lakini tunapomwambia mwanachuo, “Nenda kajisomee,” bila kuwa tumemwonyesha hata mara moja kujisomea ni kufanya nini, na kisha tunamwadhibu kwa alama za mtihani, je, tumetoka mbali sana na Mansfeld?

2. Kuelewa, kushika na kuzaa

Walimu wa Wittenberg hawakuanzia mahali patupu. Mwaka 1484 msomi Mholanzi Rudolf Agricola alimwandikia rafiki yake wa Antwerp barua ndefu kuhusu njia ya kusoma. Humo alieleza kwamba atakaye kufaidika na masomo hana budi kufanya mambo matatu: kwanza kuelewa anachosoma, pili kukishika katika kumbukumbu, tatu kutoa kitu chake mwenyewe kutokana na alichokishika. Pasipo hilo la tatu, elimu hukaa ndani ya mtu kama mbegu iliyofungiwa ghalani.

Kwa ajili ya hayo Agricola alipendekeza vichwa vya mambo, kama vile wema na uovu, uhai na kifo, elimu na ujinga, upendo na chuki. Kila jambo jema ambalo msomaji alikutana nalo lilipelekwa chini ya kichwa chake, ili lipatikane siku ya kuhitajiwa. Erasmus wa Rotterdam aliendeleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1512 juu ya wingi wa maneno na mambo, na daftari la vichwa likawa chombo cha kawaida mikononi mwa wanafunzi wa Ulaya. Tazama tofauti yake na daftari la mwanachuo wetu. Lile la kwetu hufuata mdomo wa mwalimu, kuanzia saa ya kwanza hadi kengele. Daftari la vichwa humlazimisha mwenyewe kuamua: jambo hili ni la wapi? Linafanana na lipi? Nani alilipinga? Uamuzi huo, hata ukiwa mdogo, tayari ni kujifunza.

Mwezi Agosti 1518 Philipp Melanchthon aliwasili katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, kilichoanzishwa mwaka 1502, ili kufundisha Kiyunani. Alikuwa na umri wa miaka 21. Hotuba yake ya kwanza ilihusu kurekebisha masomo ya vijana, na ndani yake aliwaita wanafunzi warudi kwenye chemchemi zenyewe, yaani maandiko katika lugha zake za asili, badala ya kuridhika na maelezo juu ya maelezo.

Mwaka 1521 alichapisha kitabu tunachokijua kwa jina la *Loci communes*. Wanatheolojia hukitaja kama kitabu cha kwanza kupanga mafundisho ya imani ya Kilutheri, nasi twawafundisha wanachuo hivyo hivyo. Mara chache twawaambia kwamba jina lenyewe latoka katika daftari la mwanafunzi. Melanchthon alikuwa akifundisha Waraka kwa Warumi, akakusanya mambo yake chini ya vichwa vya dhambi, sheria, neema na vinginevyo, ili msomaji wa Biblia ajue anatafuta nini. Kwa hiyo elimu yetu ya mafundisho ya imani, kwa umbo lake, ilianza kama msaada wa kujifunza.

Melanchthon hakuwaachia wenye nguvu peke yao. Kwa takribani miaka kumi alikuwa na shule ndogo nyumbani kwake kwa vijana ambao Kilatini chao hakikutosha kufuata mihadhara. Naye alipokuwa mkuu wa chuo kikuu katika majira ya baridi ya 1523 hadi 1524, aliagiza kwamba kila mwanafunzi awe na mwalimu wa karibu wa kumwongoza katika mpango wa masomo yake, na akaanzisha hotuba za mazoezi zilizotolewa kwa zamu. Hapo twaliona lile jambo la tatu la Agricola likipewa nafasi katika ratiba: aliyesikia sharti siku moja asimame aseme.

3. Mifuko miwili

Je, mbinu hii ya wasomi yaweza kumfaa mtoto wa mkulima? Luther alijibu swali hilo mwaka 1526 katika utangulizi wa *Misa ya Kijerumani*. Huenda wengi wetu tumeusoma utangulizi huo kwa ajili ya liturgia tu, tukairuka sehemu hii.

Luther ataka mtoto asiishie kusema maneno ya Sala ya Bwana, bali aulizwe maana yake na ajibu. Kisha apendekeza kwamba mafundisho yote ya Kikristo yawekwe kana kwamba katika mifuko miwili, imani na upendo. Kila mfuko una vijaluba viwili. Katika kijaluba cha kwanza cha imani mtoto huweka maneno ya Maandiko yahusuyo dhambi yetu, na katika cha pili yale yahusuyo ukombozi wetu katika Kristo. Katika kijaluba cha kwanza cha upendo huweka yale ya kumtumikia na kumtendea mema kila mtu, na katika cha pili yale ya kuvumilia mabaya. Mtoto akirudi kutoka kanisani, wazazi wamwulize wakati wa chakula ameleta neno gani, naye aseme neno hilo lataingia mfuko upi. Luther aliyafananisha maneno hayo na sarafu: mfuko wa imani ni wa dhahabu, na ule wa upendo ni wa fedha.

Hili ni daftari la vichwa la Agricola, limeshonwa upya kwa ajili ya mtoto asiyejua kuandika. Lina sehemu zote tatu. Mtoto husikiliza kwa makini kwa kuwa anajua ataulizwa. Huchagua mahali pa kuliweka neno. Na hulitamka mwenyewe mezani. Wala hapewi mifuko kumi. Amepewa miwili, kiasi ambacho mikono midogo yaweza kubeba.

Luther alijua kwamba wenye elimu wangecheka. Kwa hiyo aliongeza kwamba asiwepo mtu anayejiona mwenye hekima mno hata akadharau mchezo huu wa watoto. Kristo, ili kuwavuta wanadamu, alilazimika kuwa mwanadamu. Nasi tukitaka kuwalea watoto, hatuna budi kuwa watoto pamoja nao. Hapa mbinu ya kufundisha imejengwa juu ya fundisho la Neno kufanyika mwili. Mwalimu anayekataa kushuka hadi pale mwanafunzi alipo, huyo hajakosea ufundi wa kufundisha tu. Amesahau jinsi yeye mwenyewe alivyookolewa.

4. Utaratibu wa darasa wa mwaka 1528

Mwaka 1528, wakati wa ukaguzi wa sharika za Saksonia, yalichapishwa *Maagizo kwa Wakaguzi*. Melanchthon ndiye aliyeyaandika kwa sehemu kubwa, na Luther akaandika dibaji. Sehemu ya mwisho yahusu shule, nayo yaanza kwa makatazo: walimu wasifundishe lugha nyingi kwa pamoja, bali Kilatini tu, wala wasiwalemee watoto kwa vitabu vingi, tena wawagawe watoto katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wanaoanza kusoma. Mwalimu awaeleze mstari mmoja au miwili, nao baada ya muda waurudishe kwa vinywa vyao. Kila siku waandike na kumwonyesha mwalimu. Jioni wapewe maneno machache ya kwenda nayo nyumbani. Kundi la pili ni la sarufi. Hao husoma hadithi za Aesop; jioni hupewa usemi mmoja mfupi wenye hekima, na kesho yake asubuhi huusema. Siku moja ya juma imetengwa kwa mafundisho ya Kikristo. Kundi la tatu ni la walioendelea, ambao husoma Virgil na Cicero, na kila juma huandika kazi yao wenyewe, barua au mashairi.

Mambo mawili katika utaratibu huu yatustahili. La kwanza ni kipimo chake: mstari mmoja au miwili, usemi mmoja, maneno machache. Haba na haba hujaza kibaba, na walimu hawa hawakuona aibu kwa haba. La pili ni mwendo wake: kila kilichoingia kwa sikio jioni kilitoka kwa kinywa asubuhi, kitabu kikiwa kimefungwa. Kati ya hayo mawili palikuwa na usiku, yaani nafasi ya kusahau kidogo na kukumbuka tena.

Uchunguzi wa siku zetu umelitazama jambo hilo kwa njia yake. Mwaka 2006 wataalamu wa saikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitangaza matokeo ya majaribio waliyowafanyia wanachuo. Baadhi walisoma habari fulani na kuirudia kuisoma. Wengine waliisoma, kisha wakajaribu kuiandika bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikuwa mbele. Mwanachuo wetu aliyesoma daftari mara nne hakuwa mvivu. Alikuwa ametumia njia inayomdanganya mtu kwa dakika tano na kumwacha mtupu siku ya mtihani.

Kuna neno moja zaidi katika *Maagizo* hayo, nalo ni kali. Yasema kwamba mwalimu akichukizwa na kazi hii ya kuwarudisha watoto katika kanuni za sarufi, kama ilivyokuwa desturi ya wengi, aondolewe na atafutwe mwingine atakayeikubali. Hayasemi mtoto aondolewe. Miaka mingi baada ya ile asubuhi ya Mansfeld, hesabu ilikuwa imehamia upande wa pili wa meza.

5. Maneno, maana, kisha upana

Mwishoni mwa 1528 Luther mwenyewe alishiriki katika ukaguzi, akahuzunishwa na ujinga wa watu na wa wachungaji wengi. Mwanzoni mwa 1529 sehemu za *Katekisimo Ndogo* zilitoka kwanza kama mabango ya kutundikwa ukutani, kisha mwaka huo huo zikawa kitabu.

Katika dibaji yake aliwapa wachungaji hatua tatu. Kwanza, wachague namna moja ya maneno na wasiibadilishe mwaka hadi mwaka, maana vijana na watu wa kawaida huchanganyikiwa wakisikia leo hivi na kesho vile. Pili, maneno yakisha kushikwa, wafundishe maana, jambo moja baada ya jingine, bila haraka. Tatu, ndipo waingie katika *Katekisimo Kubwa*, na wakazie zaidi amri ile ambayo watu wa mahali hapo wanaihitaji.

Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, Peter, kitabu kidogo juu ya kusali. Alimwonyesha kuisuka kila amri kwa nyuzi nne: fundisho, shukrani, maungamo na ombi. Hivyo mtu mwenye kazi ya mikono alipewa maswali manne ya kuliendea neno lolote. Na mwaka 1539, katika dibaji ya maandiko yake ya Kijerumani, aliwapa wanafunzi wa theolojia njia tatu alizoziona katika Zaburi ya 119: sala, tafakari na majaribu. Kuhusu tafakari alisisitiza kwamba isiwe ya moyoni tu, bali ya kusema kwa sauti, kurudia na kulinganisha maneno. Yeye mwenyewe, akiwa daktari wa theolojia, alikiri katika dibaji ya *Katekisimo Kubwa* kwamba kila asubuhi aliyakariri maneno ya katekisimo kama mtoto.

6. Je, walifaulu?

Haitakuwa haki tukiishia kwenye sifa. Mwaka 1978 mwanahistoria Gerald Strauss alichapisha kitabu kikubwa juu ya elimu ya Kilutheri katika Ujerumani ya karne ya 16. Alisoma taarifa nyingi za ukaguzi, akahitimisha kwamba jitihada ile kwa jumla haikufikia lengo lake. Wakaguzi walilalamika mwaka baada ya mwaka kwamba watu hawajui, au wanasema maneno wasiyoyaelewa. James Kittelson alimpinga kwa kutumia taarifa za Strasbourg, ambako aliona dalili za mafanikio.

Hatutaamua shauri hilo hapa. Lakini malalamiko yale ya wakaguzi twayafahamu, kwa kuwa tumeyasikia katika mafundisho ya kipaimara ya sharika zetu. *Katekisimo Ndogo* ilifika kwetu pamoja na wamisionari Walutheri, kama wale wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, nasi tumeipenda. Ila mara ngapi tumemsikia kijana akitiririsha maelezo ya kanuni ya imani bila kukosea, na alipoulizwa kwa maneno yake mwenyewe akakodoa macho? Tumeichukua hatua ya kwanza ya Luther na kuiita safari nzima. Mifuko tumeijaza, lakini hatukumwuliza mtoto sarafu ipi imeingia wapi, wala atainunulia nini.

Wapo kwa upande mwingine wanaosema leo kwamba kukariri ni utumwa, na kutosha ni kuelewa. Hao nao wasome tena. Mchungaji atakayeitwa usiku kando ya kitanda cha mgonjwa hatakuwa na muda wa kutafuta daftari. Atakuwa na kile tu kilichomo mfukoni. Kushika pasipo kuelewa ni kasuku. Kuelewa pasipo kushika ni maji katika pakacha.

7. Darasa letu

Tangu siku ile ya mwanachuo wetu tumejaribu mambo machache darasani. Twayaeleza kwa unyenyekevu, maana hayana jipya lolote.

Kwanza, tumepunguza. Katika kipindi kimoja twafundisha jambo moja kubwa, na maandiko ya kusoma ni kurasa chache ambazo kweli zitasomwa. Pili, dakika kumi za mwisho madaftari hufungwa, na kila mmoja huandika kwenye karatasi tupu anachokumbuka. Ndipo hufungua na kujisahihisha. Hatutoi alama kwa hilo. Tatu, kipindi kinachofuata huanza kwa mwanachuo mmoja kusimama na kueleza somo lililopita, kana kwamba anawaeleza wazee wa kanisa. Nne, kila mmoja ana daftari la pili, la vichwa alivyovichagua mwenyewe, na mara kwa mara twaketi naye tukiliangalia pamoja. Tano, sisi wenyewe husoma ukurasa mgumu mbele yao kwa sauti, tukisimama pale tusipoelewa na kuonyesha jinsi tunavyotafuta njia. Hili la tano ndilo lililotugharimu zaidi, kwa sababu si rahisi mkufunzi kuonekana akikwama.

Yapo ya kulalamikiwa. Mtaala haumaliziki kwa urahisi. Wenzetu wengine wametuuliza kama chuo cha theolojia kimekuwa shule ya msingi. Jibu letu ni kwamba mtu aliyefundishwa mambo 100 naye hajui kujifunza, ataenda usharikani na mambo 100, na mwaka wa tano atakuwa amebakiwa na 20. Mahubiri yake yatakuwa yale yale, na washarika watajua. Lakini aliyejifunza kujifunza, hata akipelekwa mtaa wa mbali usio na maktaba, akiwa na Biblia na vitabu vitatu, ataendelea kukua. Hapo ndipo hatari ilipo hasa: si katika mtihani wa mwisho wa mwaka, bali katika kiti cha mchungaji aliye peke yake Jumamosi jioni.

Hitimisho

Walimu wa Wittenberg walijua kwamba Neno la Mungu lafanya kazi yake lenyewe. Hawakuona kwamba imani hiyo yawaondolea wajibu wa kuhesabu mistari, kupanga makundi, kuuliza asubuhi walichotoa jioni, na kushona mifuko midogo kwa ajili ya watoto. Ni huduma ile ile.

Mwanachuo wetu alirudia mtihani wake akafaulu. Hatuwezi kujisifu kwa hilo, kwa kuwa wenzake ndio waliokaa naye jioni baada ya jioni, mmoja akiuliza na mwingine akijibu, daftari likiwa limefungwa. Leo ni mchungaji wa usharika. Tulipomtembelea tuliketi naye mezani kwa chakula cha mchana baada ya ibada, na kabla hatujaonja wali alimgeukia binti yake mdogo akamwuliza, “Mama, leo umetuletea neno gani kutoka kanisani?” Binti alilisema, akafikiri kidogo, kisha akaeleza kwa nini amelichagua. Ndipo tukala.